Kaburi Lililo Njiani mwa Maji

Sogea nikutegee, wewe unayesikiliza. Nyumba ina jina la mwenyewe mlangoni. Kila Jumapili inafagiwa, maua yake yanamwagiliwa maji, na mke wa mwenye nyumba huketi hapo akazungumza na mumewe mpaka jua liwe kali. Lakini mwenyewe hajalala humo hata siku moja. Ni nini?

Usikimbilie kunipa mji. Miji yenyewe siku hizi inasogezwa, na ndiyo habari ninayotaka kukupa. Kaa nacho kitendawili chako, tutakitegua mbele ya safari.

Upande wa Ilemela, chini ya vilima vya mawe, kuna mtaa unaitwa Isangalo. Ukiacha barabara unateremka, unapita kanisa, unapita mashine ya kusaga, unafika mwaloni ambako mitumbwi inaegeshwa na wanawake wanaanika dagaa juu ya chanja. Baada ya chanja za mwisho ndipo ilipokuwa nyumba ya Selestina. Huyu Selestina ni Mjaluo wa Rorya. Alikuja Mwanza na mumewe kufuata samaki, mume akafa mapema, yeye akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Ogada. Mtoto mmoja ni jicho moja, wazee walisema, na Selestina alimtunza Ogada wake kama mtu anavyotunza jicho lililobaki.

Ogada alipokua akaoa binti wa Kisukuma kutoka Magu, anaitwa Dorcas. Watu wa Rorya waliguna kidogo, watu wa Magu nao wakaguna kidogo, kisha wote wakala pilau wakanyamaza. Dorcas hakujua Kijaluo zaidi ya kuitikia salamu, na Selestina alijua Kisukuma cha sokoni tu, kwa hiyo nyumbani walizungumza Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, na mambo mengi waliyamaliza kwa kucheka.

Sasa, mwaka ule wa kunawa mikono, unaukumbuka. Kila mlango uliwekwa ndoo na sabuni. Basi mwaka ule masika hayakujua kukoma. Ziwa lilianza kupanda, taratibu, kama mgeni anayesogeza kiti karibu na chungu. Leo limefika kwenye chanja, kesho kutwa limefika kwenye vyoo. Watu wakaweka mifuko ya mchanga, wakasema litarudi tu, mbona huwa linarudi. Dorcas alikuwa na mimba ya kwanza, na kwao mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama, kwa hiyo alikuwa ameshakwenda Magu. Alichoacha ni furushi la nguo za mtoto, alizozinunua moja moja, amezifunga kwenye kanga na kulitundika ukutani ili panya wasilifikie.

Mchana mmoja mvua ilipiga vilimani, na korongo lile linaloshuka nyuma ya kanisa likajaa. Chini, ziwa limezuia. Juu, maji yanasukuma. Ogada alimbeba mama yake mgongoni, akavuka naye maji ya kiunoni mpaka juu ya jabali moja kubwa. Njiani alimtania kwamba amekuwa mwepesi kama kapu tupu, na Selestina akamjibu kwamba akumbuke, kapu hilo ndilo lililombeba yeye kwanza. Alipomtua akashika kichwa, akasema furushi la mtoto limebaki ukutani.

Selestina akamwambia nguo hununuliwa nyingine. Ogada akasema Dorcas amezichagua mwenyewe, ni dakika moja tu. Akageuka. Selestina aliuona mgongo wake ukishuka, shati la mistari limemgandia mwilini, na huo mgongo ndio anaouona mpaka leo akifumba macho. Pale korongo linapopinda, ukingo ulipasuka. Maji yakapita na kila kilichokuwa mbele yake.

Furushi lilipatikana. Lilinasa kwenye matete, na fundo halikuwa limefunguka. Ogada hakupatikana. Wavuvi walikokota nyavu, walizunguka mpaka Kamanga wakaulizia kwenye kivuko, wakauliza visiwani. Ziwa halikutoa kitu.

Ndipo alipokuja mzee Ogweno, kaka wa marehemu mume wake, peke yake kutoka Rorya, amebeba gunia begani. Ndani ya gunia mlikuwa na yago. Labda kwenu hamlijui kwa jina hilo. Ni tunda la mti wa mwegea, refu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko mpaka vidole, zito, linaning'inia kwenye mti kama limefungwa kamba. Kwa Wajaluo, mtu akimezwa na ziwa lisimrudishe, hutafutwa yago. Linavishwa nguo zake, linalazwa kwenye jeneza, linaliliwa kwa jina lake, linazikwa. Maana asiyezikwa hatulii, na nyumba yake haitulii, na watoto wake hawatulii. Selestina mwenyewe alilivika lile tunda shati jeupe la kanisani, akafunga vifungo vyote, hata cha shingoni ambacho Ogada hakupenda kukifunga.

Walipomaliza kufukia, mzee Ogweno alisimama kichwani mwa kaburi akaweka neno. Alisema kuanzia sasa Ogada ni marehemu kama marehemu wengine, amelala kwake. Atakayetamka kwamba amepotea, anamfukua. Atakayesema humo kuna tunda, anamfukua. Hata mkewe asiambiwe, kwa sababu mjane akijua hakuna mwili atakaa akitazama maji, na anayetazama maji mwisho huyafuata. Wote waliokuwepo, wavuvi na majirani, wakaitikia. Selestina naye akaitikia.

Magu ilipelekwa habari kwa simu kwamba Ogada amefariki kwa maji na ameshazikwa. Simu ilimkuta Dorcas na uchungu wa kujifungua. Alizaa mtoto wa kike, akamwita Queen.

Alikuja Isangalo mtoto ameanza kukaza shingo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi na mizigo yake, akaketi chini, akamweka mtoto mapajani, akasoma jina kwenye msalaba wa zege. Hakupiga kelele. Baada ya muda mrefu akamgeukia mama mkwe akamuuliza, "Mama, uso wake ulikuwaje?"

Selestina alifungua mdomo. Neno la mzee Ogweno likaja likakaa katikati ya ulimi. Akainuka, akasema anakwenda kumletea uji mzazi.

Dorcas hakuuliza tena. Aliuchukulia ule ukimya kuwa ni huruma, kwamba maji yalikuwa yameuharibu uso wa mumewe na mama hakutaka kusimulia. Akamshukuru moyoni. Na hilo, nakwambia, lilimchoma Selestina kuliko kama angesutwa.

Miaka ikaenda. Wanawake wawili na mtoto mmoja, wakianika dagaa, wakila pamoja, wakilala chumba kimoja siku za baridi. Kila Jumapili Dorcas akitoka kanisani alikwenda kufagia kaburi. Alimwambia mumewe bei za sokoni, alimwambia jino la mtoto limetoka, alimwambia mama yako leo kanichekesha. Akaja mwanamume mmoja fundi cherehani wa Kiseke, mtu mwenye heshima zake, akataka kumwoa. Dorcas alimkataa kwa upole. Alimwambia, "Nitamwachaje mwenzangu peke yake huku majini?"

Selestina alikuwa nyuma ya mlango anachambua mchele. Moyo wake ulifurahi, kisha ukaona aibu kwa kufurahi. Alijua kinachomshikilia mkwewe pale ni kaburi, na alijua kaburi lina nini. Lakini usiku wa mtu mzee ni mrefu, na nyumba yenye pumzi za watu watatu si sawa na yenye pumzi ya mtu mmoja. Akanyamaza. Mwanzo alinyamaza kwa ajili ya agizo. Baadaye, hata yeye hakujua tena ananyamaza kwa ajili ya nani.

Kisha maji yakarudi. Masika mengine, ziwa likapanda kupita hata lile la kwanza, chanja zikaelea, darasa moja la shule likajaa tope. Safari hii hakufa mtu, lakini watu walichoka. Ndipo mji ukaamua kufanya mpango, na wahusika wakaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa.

Aliyekuja kueleza ni kijana mhandisi anaitwa Nathaniel, mpole, viatu vimejaa vumbi kama vya watu wote. Alitundika mchoro kwenye ukuta wa kanisa, akaeleza kwa maneno ya kawaida. Nyumba zote zilizo karibu na ukingo zitarudi nyuma, mita sitini kutoka majini, na wenye nyumba watapewa viwanja juu, njia ya Kiseke. Pale zilipokuwa nyumba yatapandwa matete na mafunjo kama zamani, kwa sababu wimbi likikuta matete hufika limechoka. Zitasimikwa nguzo za rangi, maji yakigusa nyekundu kengele ya kanisa inagongwa na kila mtu anajua jabali la kukimbilia. Na lile korongo litanyooshwa, liwe mfereji mpana wa mawe kutoka kanisani mpaka ziwani, usio na kona.

Mzee mmoja anaitwa Mhoja, ambaye hajawahi kuacha mkutano uishe bila kuuharibu, akasimama akauliza kama samaki nao wamepimiwa mita sitini, au wao wanaruhusiwa kuja mpaka jikoni. Watu wakacheka. Nathaniel akamjibu kwamba samaki akija jikoni mzee ana ruhusa ya kumkaanga. Wakacheka tena, na mkutano ukawa mwepesi.

Ndipo Nathaniel akaishusha sauti. Akasema kwenye njia ya mfereji kuna makaburi. Yatahamishwa kwa heshima, bwana afya atakuwepo, na mji utagharamia visanduku na sanda. Lakini kaburi halifunguliwi bila mtu wake kusimama pale. Akauliza nani ana mtu wake upande ule.

Dorcas akasimama. Akasema, "Mimi. Mume wangu."

Selestina alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Mikono yake ilianza kufanya kazi ambayo haipo, inakunja na kukunjua upindo wa kitenge. Kabla ya watu kutawanyika alikuwa ameshajua jambo moja: siku ile kaburi litakapofunguliwa, Dorcas ataangalia ndani akutane na tunda kavu ndani ya shati. Atampoteza Ogada mara ya pili, na safari hii hatakuwa na pa kufagia. Na yeye Selestina atampoteza Dorcas.

Kesho yake akamfuata Nathaniel kule korongoni, ambako alikuwa anapima na vijiti vyake. Kijana akamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Akamwomba, kama mama anavyomwomba mwanawe, aupindishe mfereji kidogo tu, upite kando ya msalaba ule. Hakusema sababu.

Nathaniel hakumcheka. Alichukua ndoo, akachora njia kwenye mchanga kwa kisigino, akaipinda pale alipotaka bibi, kisha akamimina maji. Maji yalikwenda vizuri, yalipofika kwenye kona yakapiga ukingo, ukingo ukalainika, ukabomoka, yakatoka nje yakatawanyika.

"Bibi, nikiupinda hapa, yatapasuka pale pale yalipopasuka mwaka ule," alisema. "Kuna watoto wanapita hapa kwenda shule."

Selestina aliitazama ile kona ya mchanga iliyobomoka. Aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumbani kwake.

"Mwanangu ndipo alipopitia," alisema.

Nathaniel akavua kofia yake. Selestina akampangusa mchanga begani, maana alikuwa mtoto wa mtu, akamwambia, "Nyoosha, baba. Nyoosha tu."

Alirudi nyumbani akampigia simu mzee Ogweno. Mzee sasa hasikii vizuri, ikabidi apaze sauti, na kwa kuwa Dorcas alikuwa karibu na chanja, ikabidi apaze sauti hiyo kwa Kijaluo. Alimweleza mambo ya mfereji. Kisha akasema yago halihamishwi. Lililozikwa limezikwa. Wawaambie watu wa mji kwamba wachukue udongo wa juu kidogo, waufunge kwenye sanda, inatosha, na maji yapite. Selestina akamwambia mzee kwamba mkwe wake hatakubali udongo. Mzee akasema basi mkwe wako azuiwe, na neno langu ni lile lile. Akakata.

Azuiwe. Mtu anamzuiaje mke asimwage machozi kwenye mifupa ya mumewe? Dorcas alikuwa ameshaanza kujiandaa kama mtu anayejiandaa kupokea msafiri. Alikataa sanda ya mji. Alinunua kitambaa cheupe, akakaa anakidarizi pembeni kwa uzi wa buluu, jina la Ogada kwa herufi kubwa. Alisema, "Sikumwosha, sikumvika, sikumzika. Yote mlinifanyia nyinyi. Safari hii nitamfunga kwa mikono yangu." Alikuwa anang'aa, na sijui kama umewahi kumwona mtu aking'aa kwa msiba. Ni kitu kibaya kukitazama ukiwa unajua unachojua.

Jioni moja walikuwa watatu wamekaa wanachambua dagaa, wanatoa majani na vijiwe. Queen sasa yuko darasa la kwanza, meno ya mbele hayapo, na anapenda vitendawili kama bibi yake, ambaye anamwita dani, kama watoto wa Kijaluo wanavyomwita bibi. Selestina alikuwa mtu wa vitendawili tangu alipokuwa msichana. Neno asiloweza kulisema wima, alilisema kwa kulilaza. Kwa vitendawili alimfundisha Ogada kuhesabu, na kwa kitendawili alimwambia Dorcas kwamba anampenda. Akafikiri, labda hata hili litapita kwa mlango huo.

Akamwambia Queen atege sikio, na mama yake pia. Akakitoa kile kile nilichokupa wewe mwanzo. Nyumba ina jina la mwenyewe mlangoni, inafagiwa, inamwagiliwa maua, lakini mwenyewe hajalala humo hata siku moja.

Queen akasema ni kiota cha ndege aliyehama. Selestina akasema kiota hakina jina.

Dorcas akasimamisha mikono, akafikiri, kisha akaanza kucheka. "Hiyo nimeijua, mama. Ni nyumba ya bosi wa Dar. Kajenga Kiseke, kaweka geti na jina lake, kaajiri mtu wa kumwagilia maua, na yeye mwenyewe hajawahi kulala hata usiku mmoja."

Queen akacheka kwa kuwa mama amecheka. Dorcas akaendelea kucheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja chenye magamba ya dagaa, na ndicho kicheko chake cha kwanza tangu siku ya mkutano. Akauliza kama amepata. Selestina alimtazama. Angesema hapana, na kicheko kile kingekufa pale pale, mbele ya mtoto.

"Umepata, nyathina," alisema. Ndivyo Wajaluo wanavyosema mwanangu. "Umepata."

Baadaye kidogo Queen akauliza, huku anapanga vijiwe vyake, kama baba akitolewa kesho kutwa atamjua. Dorcas akamwambia mifupa haina macho. Lakini asijali, yeye mama ataongea nayo, atamwambia baba kwamba huyu ndiye yule ambaye ulimfuatia nguo. Queen akaridhika. Selestina akachukua ungo wa dagaa ambao hawajaisha kuchambuliwa, akaupeleka ndani, akasimama nao gizani mpaka walipomwita kula.

Siku ikafika. Queen alipelekwa shule mapema, kwa kuwa bwana afya alisema watoto wasiwepo. Palikuwa na vijana wawili wenye majembe, na bwana afya na glavu zake, na Nathaniel aliyesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Mchungaji akaomba kwa kifupi. Mzee Mhoja alikuja pia, amevaa koti. Ziwa lilikuwa limetulia, linameta, kama kiumbe kisichojua kosa lolote.

Dorcas alivaa gauni la kanisani. Alitandika mkeka kando ya kaburi, akapiga magoti, akakunjua kile kitambaa juu ya mapaja yake, jina likatazama juu. Pembeni aliweka kisanduku cha mbao, na ndani yake alikuwa ameshaweka kitana na kipande cha sabuni, kama vile vitu anavyopewa mtu anayekwenda safari. Selestina alipoviona alilazimika kushika msalaba.

Vijana wakauondoa ule msalaba wa zege taratibu, wakaulaza kwenye majani. Wakaanza kuchimba. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, wa chini ulikuwa na maji, kwa maana ziwa lilikuwa limeshaanza kuingia huko kwa siri. Selestina alihesabu moyoni mambo anayoweza kufanya. Anaweza kuanguka, wakaliacha kaburi wakamshughulikia yeye. Anaweza kusema mila hairuhusu mwanamke kutazama, na Dorcas, kwa heshima, angegeuka. Bwana afya angefunua, angeona, pengine angenyamaza kwa kuona haya. Tunda lile na shati lile vingefungwa kwenye kitambaa, vingewekwa kwenye kisanduku na kitana na sabuni, vingepandishwa Kiseke, na Dorcas angeendelea kufagia. Ingewezekana. Wanawake wawili wangezeeka hivyo. Queen naye angerithi ufagio.

Jembe likagonga ubao.

Bwana afya akainua mkono, vijana wakasimama. Wakatoa udongo kwa mikono mpaka kifuniko kikaonekana, kimelegea, kimekuwa cheusi. Bwana afya akateremka, akaweka vidole chini ya ukingo wa ubao, akamtazama Dorcas kama anayeomba ruhusa.

"Subiri kwanza, baba," Dorcas alisema.

Akamgeukia mama mkwe wake. Hakuwa analia. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba chumvi.

"Mama, nikishaona mifupa, nitakuwa naikumbuka hiyo. Nataka kwanza nijue alivyokuwa. Siku ile nilipotoka Magu nilikuuliza, ukaenda kuniletea uji. Leo niambie, hata kama maji yalimharibu, mimi ni mkewe. Uso wake ulikuwaje?"

Chini kule maji yalikuwa yananyonya udongo, unayasikia. Selestina alimwona moyoni mzee Ogweno amesimama kichwani mwa kaburi, kama siku ile, na neno lake. Akaona nyumba yenye pumzi ya mtu mmoja. Kisha akakiona kile kitana ndani ya kisanduku.

Alishuka chini kwa magoti yake mabovu, moja, halafu jingine, akakaa kwenye mkeka mbele ya Dorcas. Alimshika mikono yote miwili pamoja na kitambaa, jina la Ogada likakunjamana katikati ya viganja vyao.

"Uso wake sikuuona, nyathina," alisema. "Hakuna aliyeuona. Humo ndani kuna tunda la mwegea, tulilivika shati lake la kanisani, mimi ndiye niliyefunga vifungo. Yeye ziwa halikumrudisha. Alipokwenda kufuata nguo za mtoto aliniacha pale juu ya jabali, nikamwita, hakugeuka. Niliona mgongo tu."